Nyuso nyeusi, anga jeupe: nimpigeje mama picha Yiheyuan?

Swali: "Shikamoo mwalimu. Nasoma Wuhan, mwaka wa tatu. Mwezi wa Mei nilikwenda Beijing na wenzangu tukaingia Yiheyuan, ile bustani ya makaizari yenye ziwa. Tulifika saa tano asubuhi, nikapiga picha mia tatu na kitu kwa simu, na hakuna hata moja niliyoipenda. Anga jeupe kama karatasi, nyuso zetu nyeusi hata macho hayaonekani, mnara ule mkubwa umekuwa kama kiberiti kwa mbali, na kila mahali vichwa vya watu. Zile chache ambazo nyuso zimeonekana, simu imetufanya rangi ya majivu. Sasa mama yangu anakuja kunitembelea kutoka Tanga mwishoni mwa Oktoba. Ana miaka sitini na mbili, magoti yanamsumbua, na hii ndiyo safari yake ya kwanza nje ya nchi. Nataka picha moja tu nzuri ya kutundika sebuleni. Rafiki yangu anasema simu haifai, ninunue kamera ya yuan elfu sita. Mwingine anasema ngozi yetu ndiyo ngumu kwa kamera, eti niwashe ile ya kurembesha uso. Nifanye nini?"

Marahaba, mdogo wangu, na mama akifika msalimie. Umefunga mambo manne kwenye furushi moja: uso mweusi, anga jeupe, mnara mdogo na umati. Kila moja lina sababu yake, na karibu zote hazihusiani na bei ya simu yako. Mimi mwenyewe mara ya kwanza nilitoka Yiheyuan na picha kama zako, tena nilikuwa na kamera kubwa begani na stendi mkononi.

Nianze na huyo wa ngozi, maana ndiye aliyeniudhi.

Kamera yoyote, ya simu au ya mamilioni, ina kipimamwanga, na kipimamwanga ni kipofu. Hakimjui mama, hakilijui anga. Kazi yake ni kuchukua mwanga wote ulioingia kwenye fremu na kuusawazisha uwe kijivu cha katikati, kama saruji iliyokauka. Ukikipa anga jeupe nusu nzima ya picha, kinaona mwanga umezidi, kinapunguza. Anga linashuka kuelekea kijivu, na wewe uliyesimama mbele yake unashuka pamoja nalo. Hata Mzungu akisimama hapo uso wake unaingia giza. Tofauti ni kwamba ngozi yake inarudisha mwanga mwingi zaidi, kwa hiyo ana nafasi ya kushuka kabla hajapotea. Sisi tunafika chini mapema. Simu za siku hizi hujitahidi kutafuta nyuso na kuzipa kipaumbele, lakini watu watano waliosimama mbali, kila uso ukubwa wa punje ya choroko, simu haiwezi kuwatetea mbele ya anga la namna hiyo.

Kusema ngozi yetu ni ngumu ni maneno ya enzi za filamu, na hata wakati ule kosa halikuwa letu. Maabara zilikuwa zikisawazisha rangi kwa kadi yenye picha ya mwanamke Mzungu, na kilichopendeza kwake ndicho kilichotumika kwa watu wote. Ndiyo maana kwenye albamu za harusi za wazazi wetu bibi harusi mara nyingine ni shela na meno tu. Hilo lilikuwa kosa la kipimo.

Dawa yake unayo kwenye kidole. Gusa uso wa mama kwenye kioo cha simu, ushikilie mpaka simu ikuonyeshe kwamba imefunga mahali hapo, kisha buruta ile alama ya jua juu kidogo mpaka uso uwe kama unavyouona kwa macho yako. Anga litakuwa jeupe kabisa. Liache. Hakuna mgeni atakayeingia sebuleni kwenu Tanga akauliza anga la Beijing lilikuwaje siku hiyo. Au, na hili ndilo ninalolipenda zaidi, liondoe anga kwenye picha: inamisha simu kidogo, mweke mama mbele ya ukuta, miti, maji au ubavu wa mlima. Anga likibaki ukanda mwembamba juu, kipimamwanga hakina tena cha kukidanganya.

Yale majivu nayo yana sababu. Uso uliopigwa gizani umeingiza mwanga kidogo sana kwenye kihisi cha kamera. Ukija kuuinua baadaye kwa programu, unainua pamoja nao chengachenga, na rangi inakuwa imekwisha kupotea, ile nyekundu na kahawia ya joto iliyo ndani ya ngozi yetu. Kisha programu ya urembo inapita juu, inasugua chengachenga, inasugua na vinyweleo, inaongeza weupe. Unabaki na mtu aliyepakwa unga wa muhogo. Simu nyingi zinazouzwa China huja na urembeshaji huo umewashwa kwenye kamera ya mbele tangu dukani, kwa hiyo ingia kwenye mipangilio, tafuta neno měiyán, ushushe mpaka sifuri. Ushushe na ule wa hali ya picha za watu, maana mara nyingi ni kitufe tofauti.

Usidhani jambo hili limeanza na simu. Malkia Mama Cixi, aliyeifanya Yiheyuan makao yake, alipigwa picha humo humo mwaka 1903 na 1904 na kijana wa familia ya mwanadiplomasia aliyeitwa Xunling. Walipanga mapazia na kiti uani, mbele ya jumba lake la Leshoutang, kwa sababu ndani hapakuwa na mwanga wa kutosha, na baadaye makunyanzi ya bibi yule yakafutwa kwa mkono. Alikuwa anakaribia miaka sabini na anatoka kama wa arobaini. Kama mama yako atataka makunyanzi yafutwe, hiyo ni haki yake. Ila muulize kwanza.

Sasa macho. Umesema mlifika saa tano asubuhi mwezi wa Mei, na hapo nikaelewa kwa nini hayaonekani. Beijing iko nyuzi 40 kaskazini ya ikweta. Katikati ya Mei jua lake la adhuhuri hupanda karibu nyuzi 70, karibu kabisa na utosi. Mwanga unaanguka kutoka juu, paji la uso linatupa kivuli kwenye macho, pua inatupa kivuli mdomoni. Ni mwanga ule ule tunaoukimbia Tanga na Dar saa sita mchana. Mwishoni mwa Oktoba mambo ni mengine: jua hilo halivuki nyuzi 38 hivi hata adhuhuri. Linakuja kwa ubavu, linaingia chini ya paji la uso, linafika machoni. Kwa hiyo ushauri tuliozoea nyumbani, kwamba mchana funga kamera ukalale, huko Oktoba hauna nguvu sana.

Kuna zawadi nyingine usiyoijua. Kwetu jua la jioni huanguka kama nazi. Linashuka karibu nyuzi 15 kwa saa, ile rangi ya dhahabu unaiona, unatafuta simu mfukoni, imekwisha. Beijing mwezi huo linashuka kwa mshazari, nyuzi 10 au 11 kwa saa, kwa hiyo dhahabu inakaa karibu saa nzima. Unayo nafasi ya kumketisha mama, kumpangia mtandio, kumchekesha, na kurudia.

Na makaizari walikupangia mwelekeo. Majumba ya China hujengwa yakitazama kusini, na Yiheyuan mlima uko kaskazini, ziwa kusini. Mnara uliouona, Foxiangge, umekaa kwenye ubavu wa kusini wa Mlima Wanshou, unatazama maji. Huko jua huzunguka upande wa kusini, kwa hiyo mnara huo unamulikwa usoni mchana kutwa. Asubuhi unamulikwa zaidi upande wa kulia ukiutazama kutoka ziwani, jioni upande wa kushoto. Ukisimama ng'ambo ya maji kusini au kusini-mashariki, jua halitakuwa mbele ya lenzi yako. Ukigeuka magharibi jioni, hapo ndipo unapolikabili, na hapo usitafute uso tena. Tafuta umbo jeusi la mtu mbele ya maji yanayong'aa.

Kuhusu mnara kuwa kiberiti. Foxiangge ina urefu wa mita 41, nayo si ndogo. Lakini karibu robo tatu ya bustani hiyo ni maji, na ukisimama kwenye ufuko wa mashariki karibu na daraja refu, mnara uko zaidi ya kilomita moja. Kwa lenzi ya kawaida ya simu, mita 41 kwa umbali huo hazifiki hata sehemu moja ya ishirini ya urefu wa picha. Na nyinyi, kwa kutaka ziwa lote, mlima wote na marafiki wote waingie, bila shaka mlibonyeza ile 0.5 inayopanua. Hiyo inasukuma kila kitu mbali zaidi na kuwavuta walio pembeni mpaka vichwa vinakuwa kama maboga.

Fanya kinyume. Bonyeza 2 au 3, kisha wewe mwenyewe rudi nyuma hatua kadhaa mpaka mama awe na ukubwa ule ule aliokuwa nao mwanzo. Angalia mnara: umekua. Watu husema lenzi ndefu inaleta vitu karibu, lakini kinachofanya kazi hasa ni miguu yako. Ukiwa mita moja kutoka kwa mama, yeye ni mkubwa mno ukilinganisha na kilicho nyuma. Ukiwa mita sita, uwiano wake na mnara umebadilika, na lenzi ndefu inakata tu kipande hicho na kukikuza. Uso nao unatulia. Pua haitangulii tena mbele ya mashavu. Kama simu yako haina lenzi ya pili na inakuza kwa kukata picha tu, usivuke 2.

Lakini hata ukijua lenzi, bustani hii itakushinda ukiikabili kama uwanja wa mpira, yaani kutafuta mahali pa juu pa kuonea kila kitu. Haikujengwa ionekane yote. Mpango wake ni kumpa mtu anayetembea picha moja, kisha kuificha, kisha nyingine. Ukuta ulio kando ya maji karibu na Leshoutang una madirisha ya maumbo mbalimbali, na ukipita, ziwa linaingia kwenye dirisha moja, linapotea, linarudi kwenye jingine. Waliopanga hawakuishia kwenye ukuta wao. Ukitazama magharibi utaona mnara mwembamba juu ya kilima. Huo uko nje kabisa ya bustani, kwenye kilima cha Yuquan, na nyuma yake ni safu ya Milima ya Magharibi. Wachina huita jambo hili jièjǐng, kuazima mandhari. Maji, kisha mierebi ya tuta la magharibi, kisha mnara wa jirani, kisha milima: tabaka nne, na kila moja iliyo mbali zaidi imefifia zaidi kwa sababu ya hewa iliyo katikati. Ukungu mwembamba ulioulaani Mei ndio unaozitenganisha tabaka hizo.

Tukija kwa mama. Hapa naomba unisikilize kuliko hapo juu.

Wapiga picha wote watakuambia uwe langoni alfajiri, bustani ikifunguliwa. Kwa mwanga na utulivu, wana haki. Lakini Beijing iko saa tano mbele ya Tanga. Alfajiri ya Beijing ni saa sita au saba usiku kwa mwili wa mama. Mtu wa miaka sitini na mbili aliyetoka kwenye ndege juzi, ukimwamsha saa hiyo na kumsimamisha kwenye baridi, hutapata picha, utapata malalamiko, na utastahili. Kama atakaa zaidi ya wiki, mpe siku nne tano mwili uzoee, ndipo ufikirie asubuhi. La sivyo chagua alasiri. Mwishoni mwa Oktoba jua hutua kama saa kumi na moja na robo jioni, kwa hiyo mkiingia saa saba mchana mna saa nne za mwanga wa kushuka, na vikundi vingi vya watalii vya asubuhi vimeshapita.

Ingieni lango la mashariki. Kituo cha metro cha Xiyuan kiko karibu. Nendeni polepole mpaka Leshoutang, halafu Baraza Refu. Hilo ndilo litakalokupa picha ya sebuleni, mimi naamini hivyo. Ni njia iliyoezekwa ya mita 728 ikifuata ufuko wa kaskazini, na maelfu ya picha ndogo zimechorwa kwenye boriti zake: ndege, maua, watu wa hadithi za kale. Kati ya nguzo mna mabenchi ya chini, kwa hiyo magoti yake yanapumzika kila hatua chache. Na kwa mwanga, ni studio ya bure. Paa linazuia mwanga wa juu, ule unaoua macho. Upande wa kusini uko wazi kwa ziwa, na mwanga wa jua pamoja na ule unaoruka kutoka majini na kwenye mawe ya ufukoni unaingia laini kwa upande mmoja. Mketishe kwenye benchi la upande wa ziwa, uso auelekeze majini, si kwako. Wewe simama ndani ya baraza, hatua sita mbali, ukitazama urefu wa njia, ili nguzo zirudi nyuma yake moja baada ya nyingine. Bonyeza 2, gusa shavu lililo upande wa mwanga, funga. Kisha mwulize jambo la nyumbani, nani alikuja kumuaga, nani hakuja. Akianza kujibu ndipo upige.

Mavazi: nguzo za hapo ni za kijani, michoro ya boriti ni buluu na kijani kwa wingi. Kitenge chenye maua makubwa kitagombana na michoro hiyo, jicho halitajua litue wapi. Rangi moja ya joto, manjano ya binzari, rangi ya machungwa iliyoiva, au hudhurungi, itasimama peke yake. Kitenge au kanga yake ya maandishi ihifadhiwe kwa ajili ya ufukoni, penye maji na mierebi tu. Huko ndiko kitakakotawala. Na koti! Jioni za mwisho wa Oktoba Beijing ni baridi kweli kwa mtu wa pwani, na nimeona picha nyingi za akina mama wa kwetu wakiwa ndani ya makoti meusi ya kuazima, wamevimba, rangi zote ziko ndani. Avae koti. Ukishapanga kila kitu, ukishafunga mwanga, mwombe alivue kwa dakika mbili, kisha mrudishie mara moja.

Foxiangge yenyewe nisingempandisha. Ngazi zake ni kali, na ukifika juu, mnara uliotaka kuupiga picha uko nyuma yako. Tosheka na kuutazama kutoka chini, au vizuri zaidi, kutoka majini. Boti za abiria hukatiza ziwa hali ya hewa ikiruhusu, na ndizo zitakazokuokolea mwendo mrefu wa kuzunguka ufuko hadi upande wa daraja. Mkiwa kwenye boti mnara unabaki nyuma yenu ukimulikwa upande wa kushoto. Piga haraka haraka nyingi, chombo kinatikisika.

Mkishuka mtaliona Daraja la Matao Kumi na Saba, mita 150, lenye simba wadogo wa mawe zaidi ya mia tano juu ya nguzo za kingo zake, hakuna haja ya kuwahesabu. Huenda umeona mtandaoni picha za matao hayo yakiwaka ndani kama tanuri. Hizo ni za Desemba, siku zinazozunguka tarehe 21 au 22, jua linapotua mbali kabisa kusini-magharibi na kupenya chini ya matao. Usimwahidi mama jambo hilo Oktoba. Alichonacho Oktoba ni ufuko karibu na ng'ombe wa shaba aliyewekwa hapo mwaka 1755: jua linatua kushoto kwa mnara wa Yuquan, milima inakuwa ya zambarau, maji yanashika rangi yote. Zima ule usawazishaji wa rangi wa kujiendesha kama simu yako inaruhusu, weka alama ya jua au wingu, kwa sababu ukiuacha utaiona dhahabu ni kosa na kuifuta. Mkimaliza, lango la Xinjiangong liko karibu hapo, hakuna kurudi mlikotoka.

Siku gani? Si Jumamosi wala Jumapili. Mwishoni mwa Oktoba majani ya Milima ya Xiangshan huwa mekundu na nusu ya Beijing hupanda kuyatazama kwa barabara zile zile. Tarehe 1 hadi 7 za sikukuu ya taifa umeziepuka tayari, shukuru. Tiketi huwekwa mapema kwa namba ya pasipoti, kwa hiyo uwe nayo ya mama mkononi. Ukiweza, acha siku mbili wazi: upepo wa kaskazini ukivuma usiku, kesho yake anga linakuwa la buluu hasa. Usipovuma, anga likabaki jeupe, msikate tamaa. Siku hiyo ni ya Baraza Refu, ambako anga halionekani.

Umati hutaumaliza, unaukwepa. Umbali na lenzi ndefu vinaukata. Kiti cha benchi kinaukata. Kusubiri kunaukata, maana kundi la watu arobaini hupita kwa dakika tatu kisha panakuwa na pengo. Ile programu ya kufuta watu itumie kufutia pipa la taka, si watu. Ukifuta mtu mbele ya nguzo zenye michoro, simu itabuni mchoro, na uongo huo utaonekana.

Jambo jingine ambalo wewe umelizoea Wuhan na mama hajalizoea: watu watataka kumpiga picha. Wengine wataomba, wengine hawataomba. Mweleze kabla, na mwachie yeye aamue. Akikataa, sema kwa upole "qǐng bié pāi", yaani tafadhali usipige picha, inatosha mara nyingi. Akikubali, fanya biashara: wao wakimpiga, nao wawapige nyinyi wawili pamoja kwa simu yako. Wazee wastaafu wenye lenzi kubwa kama mabomba, ambao hujazana ufukoni jioni, ndio bora kwa kazi hii. Wanaijua kila hatua ya ufuko huo na wanapenda kuulizwa.

Kamera ya yuan elfu sita? Kama unataka kujifunza kazi hii miaka mingi, nunua, tena iliyotumika. Lenzi yake itakusaidia jua likishazama, na uso wa mama utatengana na nyuma yake kwa ulaini ambao simu huuigiza tu na mara nyingi hula ncha za mtandio. Lakini kamera uliyoinunua wiki mbili kabla ya safari itakupa picha mbaya kuliko simu uliyoizoea miaka miwili. Kwa fedha hiyo mlipie mama chumba kizuri karibu na bustani. Ukiona huna utulivu wa kumpiga mwenyewe, au unataka muwe pamoja kwenye picha bila haraka, kodi mpiga picha wa hapo kwa saa moja. Ila usitazame picha zake za mabibi harusi wa Kichina tu. Mwombe akuonyeshe watu weusi aliowapiga, na umwambie wazi kabla ya malipo kwamba ngozi isiguswe. Akisitasita, tafuta mwingine.

Kabla ya safari, wiki moja hivi, piga picha ya ukuta mweupe kwa kila lenzi ya simu yako. Ukiona ukungu au doa lisilofutika kwa kitambaa, peleka kwa fundi, umpe mkononi mwenyewe. Kioo cha lenzi kilichokwaruzwa hakitibiki kwa mipangilio. Na ikitokea picha zimefutika kwa bahati mbaya, angalia kwanza kwenye folda ya zilizofutwa. Zisipokuwepo, usipige nyingine hata moja, zima simu, nenda kwa fundi wa data, kwa sababu kila picha mpya inaweza kuandikwa juu ya ile uliyoipoteza.

Picha ya sebuleni usiitume Tanga ikachapwe huko kabla hujaiona kwenye karatasi. Ichape Beijing au Wuhan, kwanza ndogo ya kujaribu, uitazame dirishani mchana, karibu na mkono wa mama mwenyewe. Ikiwa mkono na uso havifanani, mwambie mchapaji aongeze mwanga kidogo, kisha ndipo kubwa. Ukilazimika kuituma kwa WeChat, bonyeza yuántú, yaani picha halisi, kabla ya kutuma, la sivyo itafika imebanwa na kukosa maelezo madogo madogo. Na mkifika kwenye Mlima Wanshou, mwambie mama kwamba Kaizari Qianlong alianza kuijenga bustani hii mwaka 1750 kwa ajili ya miaka sitini ya kuzaliwa mama yake. Mpige picha anapokujibu.